Chujio la Mwali

Hapana, Hokororo, hiyo irudishe rafuni.
Hiyo ni ya bwawa la perege, au ya kupandisha maji ghorofani.
Nikiiwasha kwangu usiku mmoja tu
asubuhi nitamkuta Mwali kabandikwa kiooni
kama tangazo la uchaguzi.

Usicheke. Nimeshuka kwa bodaboda toka Magomeni
na picha yake ninayo kwenye simu, ngoja:
mweupe kama tui la kwanza,
macho mbegu mbili za mchicha,
na shingoni matamvua mekundu, matatu huku, matatu kule,
pumzi yake kaivaa nje
kama mtu aliyegeuza kanzu.

Jina la vitabuni ni aksolotli. Ulimi wangu ulikataa.
Nikamwita Mwali, kwa kuwa hatoki ndani,
na hakui. Mwaka wa nne huu.
Kwetu Nanyamba mtoto anachezwa, anafundwa, anatolewa,
ngoma zinalia, utoto anauacha pale pale uwanjani.
Huyu hakuna aliyemcheza.
Kabaki na matamvua ya utotoni,
na hata akizaa, atazaa hivyo hivyo, mtoto.

Kaniachia mzungu wa gesi, yule wa Shangani niliyempikia.
Mkataba ulipokwisha alifunga masanduku siku mbili:
jokofu kwa mlinzi, baiskeli kwa dereva,
mimi tangi, na karatasi ya masharti
ndefu kuliko ya mkopo wa kikundi.
"Maji yawe ya baridi." Mtwara! Mwezi wa Novemba!
Nagandisha chupa kwenye friza la muuza barafu,
nazibadilisha asubuhi na jioni
kama muuguzi na dripu.

Mashine aliyoiacha iliungua umeme uliporudi kwa kishindo.
Sikuililia.
Ilimsukuma kutwa kucha, matamvua yakapindia mbele,
ncha ya mkia ikajikunja kama ndoana.
Ndivyo anavyosema basi. Sauti nyingine hana.

Nimejaribu dodoki: siku ya tisa likaoza.
Nikashika kipande cha godoro, nikanusa dawa ya kiwandani, nikakiweka chini.
Kokoto usinitajie. Anazimeza,
halafu ananitazama mimi.

Ninachotaka ni kile, nyuma ya betri za tochi,
kile cheusi, sponji, chenye vumbi la mwaka juzi.
Na kipampu cha hewa, kidogo, kinachonong'ona.
Shilingi ngapi?
Mh! Mtoto wa Newala wewe,
sponji unaliuza kama korosho daraja la kwanza.
Punguza.

Unauliza litasafisha nini, na nguvu halina.
Nguvu yake huioni. Katika vile vitundu
huhamia vijidudu, wiki hii kaya moja, mwezi ujao kijiji,
vinakula sumu ya mkojo wake
bila kumgusa, bila hata kumwamsha.
Likijaa usilikoshe bombani,
dawa ya maji itafyeka kijiji kizima.
Unalikamua taratibu katika maji yake ya zamani,
kisha unaacha uchafu kidogo.
Mimi, niliyesugua sakafu za watu miaka kumi na moja
mpaka nikajiona uso kwenye vigae,
najifunza leo, na mvi hizi,
kuacha uchafu kidogo.

Haya, tumeelewana. Funga kwenye gazeti.

Nini tena? Umeme ukikatika?
Ukikatika nitakaa na kikombe kando ya tangi,
nachota, namwaga juu juu, taratibu,
nachota, namwaga,
mpaka urudi.
Nimeshakesha kwa wengi ambao hawakuwa wangu,
na walikuwa na kelele zaidi.